Yogati za ladha na mtindi wa kawaida: kipi ni chakula na kipi ni sukari? Wakazi wa Mwanza karibuni

Mama Junia (#1)
Wakuu habari za jioni. Naomba tulijadili hili kwa kina maana linaninyima raha. Nina mtoto wa miaka mitano. Akinywa yogati ya stroberi au vanila, zile za vikombe kwenye friji la duka hapa Buzuruga, haipiti muda tumbo linaunguruma na anaharisha. Tukienda kwa bibi yake Magu anamaliza bakuli la maziwa ya mgando na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) juu yake, analala fofofo mpaka asubuhi. Ng'ombe ni ng'ombe, maziwa ni maziwa. Naanza kuamini hizi za ladha ni soda nzito iliyotiwa rangi. Na shuleni kwao soda wamekataza, yogati wameruhusu. Wenye ujuzi nisaidieni: za ladha zina afya kweli au tunanunua sukari? Na ile isiyo na ladha ni salama kiasi gani?

Furu wa Mwaloni (#2)
Mwangaluka. Nakaa mstari wa mbele kwenye huu uzi. Mimi najua moja tu: chakula ambacho mtoto anakililia kuliko ugali na sato, humo kuna sukari. Wajuvi waje.

Kipimo Sahihi (#3)
Ninacho kikombe mkononi, nimekitoa kwenye friji la ofisini, stroberi, gramu 250. Jina la kampuni naliacha. Nyuma imeandikwa sukari gramu 13 kwa kila gramu 100. Piga hesabu: kikombe kizima gramu 32 na nusu. Kijiko cha chai kinabeba kama gramu 4, kwa hiyo ni vijiko vinane. Vijiko vinane kwa mtoto wa miaka mitano! Mama Junia uko sahihi, hiyo ni soda.

Binti Nyegezi (#4)
Kipimo Sahihi, umeruka hatua moja. Maziwa yana sukari yake ya asili, laktosi, karibu gramu 5 kwa kila gramu 100. Yakishaganda inabaki kama gramu 4 kwa sababu bakteria wameshakula sehemu yake. Lebo inajumlisha zote pamoja. Ukitoa hizo 4, zilizoongezwa kiwandani ni 9 hivi, na kwa kikombe chako ni gramu 22 na ushee. Vijiko vitano na kitu, si vinane. Na soda haina protini wala kalsiamu. Gramu 100 za yogati ya kawaida zina kama gramu 3 na nusu za protini na miligramu 120 hivi za kalsiamu.

Sisemi vijiko vitano ni vichache. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Mtu mzima wa kilokalori 2,000, hiyo asilimia 10 ni gramu 50. Mtoto wa umri huo mpe 1,400, unapata gramu 35. Kikombe kimoja kimekula zaidi ya nusu, na hapo bado hajanywa chai, hajala andazi, hajapewa juisi na shangazi yake.

Kipimo Sahihi (#5)
Sawa mwalimu, vitano. Wanangu wanapiga vikombe viwili viwili. Hoja yangu haijatikisika.

Ngosha wa Kisesa (#6)
Watu wa mjini mnateseka bure. Kwetu mama anachemsha maziwa jioni, anaacha yapoe mpaka kidole kinavumilia, anamimina kwenye kibuyu ambacho kimebakizwa mtindi kidogo wa jana ndani. Kinafungwa, kinaning'inizwa. Kesho yake anakitikisa akiwa amekaa kwenye kigoda, kibuyu kimelala mapajani, mpaka unasikia sauti inabadilika: mwanzo maziwa yanapiga chapuchapu, baadaye yanakuwa mazito, na ukifungua unakuta punje za siagi za njano zinaelea. Siagi inatolewa ya kupika samli, kinachobaki ndicho tunachokunywa na matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa vikakaushwa. Hakuna sukari, hakuna rangi. Babu kafika miaka mingi na meno yake yote.

Nesi wa Zamu (#7)
Ngosha, hapo kwenye "anachemsha" ndipo penye uzima wote. Shukuru mama yako. Wapo wengi wanaogandisha maziwa mabichi moja kwa moja wakiamini ule uchachu unaua wadudu. Uchachu hautoshi. Vijidudu vya brusela, ule ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba, vinaweza kubaki hai ndani ya mtindi wa maziwa mabichi. Kifua kikuu cha ng'ombe vilevile. Mtu anakuja na homa inayopanda na kushuka, jasho usiku, viungo vinauma, mgongo umekakamaa, na ameshatibiwa malaria na taifodi kila kona. Ukimuuliza maziwa anayapata wapi, anakujibu "ya kwetu, safi kabisa, ya asili."

Kwa hiyo swali la Mama Junia lina pande mbili. Ya dukani ina sukari, ndiyo, lakini maziwa yake yamepita kwenye moto. Ya kijijini haina sukari, na moto unategemea aliyeyaandaa.

Ngosha wa Kisesa (#8)
Dada Nesi nimekupata. Ila nikuambie kwa nini wazee wengine wanagoma kuchemsha: wanasema maziwa yaliyochemshwa hayagandi, yanaoza.

Binti Nyegezi (#9)
Wanachokiona ni cha kweli, sababu yake ndiyo hawajaijua. Maziwa mabichi yanaganda yenyewe kwa sababu yamejaa bakteria wa kwenye chuchu, ndoo na hewa, wazuri na wabaya wamo humo. Ukichemsha umewaua karibu wote. Ukiyaacha wazi bila mbegu, anayewahi kuingia ndiye mwenye nyumba, ndiyo maana yanaoza. Yakipoa tia kijiko cha mtindi mzuri, yanaganda vizuri kuliko mabichi.

Mkia wa Sato (#10)
Turudi kwenye tumbo la mtoto. Mimi nadhani ni laktosi. Kimeng'enya cha kuisaga hupungua kwa watu wengi baada ya kuachishwa ziwa, kwa umri tofauti tofauti. Duniani kote karibu theluthi mbili ya watu wazima wako hivyo, si ugonjwa. Laktosi isiyosagwa inashuka utumbo mpana, bakteria wa huko wanaila, gesi inajaa, maji yanavutwa, mtu anakimbia chooni.

Mgando wa bibi umekaa siku nzima au zaidi, bakteria wamekula laktosi ya kutosha. Ya kiwandani inaganda kwa saa chache kwenye joto la nyuzi 43 hivi kisha inaingizwa kwenye baridi, na mara nyingi wanaongeza maziwa ya unga ili iwe nzito. Maziwa ya unga ni laktosi nyingine juu yake.

Kipimo Sahihi (#11)
Mbona Wamasai na Wasukuma wanakunywa maziwa tangu enzi na hawaharishi?

Mkia wa Sato (#12)
Swali zuri. Mwaka 2007 timu ya Sarah Tishkoff ilichapisha utafiti uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan. Walikuta mabadiliko ya vinasaba yanayowafanya watu wazima wa jamii za wafugaji waendelee kusaga laktosi, na ni tofauti na yale ya Wazungu. Yalianza huku kwetu yenyewe, ndani ya miaka elfu kadhaa iliyopita. Lakini hata ndani ya kabila moja wapo wenye nayo na wasio nayo. Huwezi kumsoma mtu tumbo kwa kabila lake.

Furu wa Mwaloni (#13)
Sisi Wakerewe mmetusahau kwenye utafiti. Sisi vinasaba vyetu ni vya samaki.

Fundi Friji (#14)
Wakuu, mimi natengeneza mafriji, kuanzia Igoma mpaka Kirumba. Mnazungumza vinasaba wakati tatizo liko ukutani kwenye soketi. Maduka mengi yanazima friji usiku ili umeme wa LUKU waliolipia isiishe haraka. Asubuhi wanawasha, yogati imeshalala kwenye joto. Ukifika mchana unaikuta ya baridi, huwezi kujua. Nimefungua mafriji ya vioo ambayo mpira wa mlango umekatika, ukipitisha karatasi inapita bila kukwama, kipimajoto ndani kinasoma nyuzi 15 na kuendelea, na bidhaa zimepangwa humo. Yogati inatakiwa ikae chini ya nyuzi 5 hivi.

Ushauri: gusa vikombe vya nyuma na vya mbele, viwe na baridi sawa. Mfuniko uliovimba usinunue. Ukifungua ukasikia pssss na harufu ya pombe, hamira zimeingia humo.

Mama Junia (#15)
Asanteni sana. Fundi, nimenunua maduka tofauti na matokeo ni yaleyale, na mfuniko huwa haujavimba. Mkia wa Sato, mbona maziwa fresh kwenye chai anakunywa na hapati shida?

Mkia wa Sato (#16)
Ya kwenye chai ni kiasi gani? Vijiko vichache. Wengi wenye tatizo hilo wanavumilia kiasi kidogo, hasa pamoja na chakula. Angalia pia kwamba kwa bibi anakula na michembe, chakula kinashuka polepole. Dukani anakunywa peke yake, tumbo tupu, akitoka shule, ya baridi, kwa mkupuo.

Nesi wa Zamu (#17)
Na mimi naongeza la tatu. Sukari nyingi kwa mkupuo nayo inavuta maji kwenye utumbo wa mtoto. Mpe yogati isiyo na ladha ya kampuni ileile, kiasi kilekile, muda uleule. Akikaa vizuri, shaka inahamia kwenye sukari na vikorombwezo. Akiharisha, laktosi au friji. Na kama anaharisha damu, anapungua uzito au hakui, acha mambo ya mtandaoni, mpeleke hospitali.

Ustadhi wa Igogo (#18)
Assalaam alaykum. Hivyo vikorombwezo mbona hamvigusi? Someni nyuma ya kikombe. Jelatini inawekwa ili yogati isitoe maji na ishikane. Jelatini inatoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, ng'ombe au nguruwe. Kama kikombe hakina alama ya halali na kimeandikwa jelatini tu, Mwislamu ana haki ya kuuliza. Rangi nyekundu ya baadhi ya yogati za stroberi ni E120, inatokana na mdudu aliyekaushwa na kusagwa. Mtu anadhani anakula tunda.

Furu wa Mwaloni (#19)
Ustadhi umeniharibia jioni. Mdudu?

Kipimo Sahihi (#20)
Furu, wewe si ndiye unayekula kumbikumbi msimu ukifika? Tulia.

Binti Nyegezi (#21)
Ustadhi yuko sahihi, ila si kampuni zote. Nyingine zinatumia wanga wa mahindi uliorekebishwa au pektini ya matunda, na rangi ya kiazisukari chekundu. Viambato vinaandikwa kwa mpangilio wa wingi, cha kwanza ndicho kingi zaidi. Ukikuta sukari ni ya pili baada ya maziwa, na tunda liko mkiani au halipo kabisa, limebaki neno "ladha" tu, umeshaelewa unachonunua. Yogati isiyo na ladha inatakiwa isomeke kwa ufupi: maziwa na bakteria hai, pengine maziwa ya unga.

Halafu kuna zile zinazokaa miezi kadhaa nje ya friji. Hizo mara nyingi zimepashwa moto baada ya kuganda. Protini na kalsiamu zimebaki, bakteria wamekufa. Mtu mwenye shida ya laktosi anakosa msaada wenyewe, kwa sababu bakteria hai ndio wanaoendelea kuisaga laktosi ndani ya utumbo. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2010 ilikubali dai hilo, kwa sharti la bakteria hai walau milioni 100 kwa kila gramu.

Baba Kulwa na Doto (#22)
Nimefuatilia kimya muda mrefu. Mzee wangu ana kisukari, yuko Misungwi. Nimesoma kwamba Marekani wamethibitisha yogati inazuia kisukari, nikaanza kumpelekea katoni za vanila kila mwisho wa mwezi. Sukari yake haishuki. Inakuwaje?

Binti Nyegezi (#23)
Baba Kulwa, hiyo vanila simamisha leo. Kilichotokea Marekani ni hiki: kampuni ya Danone iliomba mwaka 2018, na Machi 2024 mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, ikaruhusu makampuni kuandika kwamba kula yogati mara kwa mara, walau vikombe viwili kwa wiki, kunaweza kupunguza hatari ya kisukari cha aina ya pili, kwa ushahidi mdogo. Hayo maneno "ushahidi mdogo" yamo ndani ya dai lenyewe, ni lazima yaandikwe. Ni kupunguza hatari kwa ambaye hajaugua. Kumtibu mgonjwa hakumo. Na FDA wenyewe walitahadharisha kuhusu yogati zenye sukari nyingi ya kuongezwa.

Kiini cha ushahidi ni kuangalia watu wanaokula yogati na wasiokula, miaka inapita, wanahesabu nani kaugua. Sasa mla yogati wa kule mara nyingi ndiye anayefanya mazoezi na asiyevuta sigara. Ukitaka kusema ni yogati ndiyo iliyomkinga, una kazi.

Baba Kulwa na Doto (#24)
Nimeelewa. Mtindi usio na sukari je, aendelee?

Nesi wa Zamu (#25)
Kwa wengi kikombe kimoja cha mtindi mtupu pamoja na chakula hakina shida, sukari yake hupanda taratibu. Ila apime kabla na saa mbili baada ya kula, aonyeshe namba kliniki. Kama figo zimeshaguswa, lazima aulize, kwa sababu maziwa yana potasiamu na fosforasi.

Mzee wa Mabatini (#26)
Vijana, mnazunguka dunia nzima na kitu hiki kimefanyiwa kazi hapahapa kwetu. Mwaka 2004 kina mama wa kikundi cha Tukwamuane, Mabatini, walianza jiko la kutengeneza yogati yenye bakteria maalumu, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Western cha Canada, shirika la kutetea wanawake la Kivulini na taasisi ya utafiti wa magonjwa, NIMR Mwanza. Bakteria mwenyewe anaitwa Lactobacillus rhamnosus GR-1, jina la profesa Gregor Reid lipo kwenye hiyo kazi. Maziwa yalichemshwa kwenye sufuria kubwa, yakapozwa, yakatiwa mbegu, yakaachwa yagande usiku. Walengwa wakuu walikuwa watu wanaoishi na VVU, na jirani waliinunua kama maziwa mengine.

Furu wa Mwaloni (#27)
Shikamoo mzee. Ni kweli kwamba ilipandisha CD4, zile chembe za kinga? Mtaani kwetu hadithi hiyo ilivuma sana, wengine wakataka kuacha vidonge.

Mzee wa Mabatini (#28)
Marahaba. Kupanda zilipanda, watu walipata nguvu, tuliwaona kwa macho.

Nesi wa Zamu (#29)
Mzee wangu, kwa heshima, hili tuliweke sawa maana linagusa uhai. Utafiti wa kwanza, wa 2010, uliangalia waliokuwa wakinywa na kuona CD4 zao zimepanda zaidi. Majaribio yaliyofuata, yenye makundi ya kulinganisha, hapahapa Mwanza, hayakuona tofauti kwenye CD4. Nguvu waliyoipata inaweza kuwa ni chakula. Mtu mwenye njaa ukimpa protini, mafuta na kalsiamu kila siku atainuka, na hilo si dogo. Lakini dawa za VVU, ARV, ni ARV. Mtu asibadilishe kidonge kwa kikombe.

Mzee wa Mabatini (#30)
Hakuna aliyesema waache dawa, binti yangu. Mama aliyekuwa hainuki kitandani akaja kuinuka na kufungua genge, hiyo CD4 utaiandika vyovyote.

Mkia wa Sato (#31)
Kuna utafiti mwingine wa hapahapa ambao watu wa ziwani mnapaswa kuujua. Mwaka 2014 timu hiyohiyo ya Reid ilichapisha matokeo ya wajawazito na watoto wa shule wa Mwanza kuhusu metali zenye sumu mwilini. Sisi tunazungukwa na migodi, na zebaki inatumika sana kwa wachimbaji wadogo. Kwa wajawazito waliokunywa yogati yenye yule bakteria, zebaki na aseniki kwenye damu havikuongezeka kama kwa wenzao. Kwa watoto tofauti haikuwa ya uhakika kitakwimu.

Kipimo Sahihi (#32)
Kwa hiyo nikila sangara nishushie na yogati nimesalimika?

Mkia wa Sato (#33)
Hapana, usikimbie hivyo. Walioshiriki walikuwa wachache, wenyewe waliita utafiti wa majaribio. Na ni bakteria yule mmoja. Bakteria wa kwenye yogati ya kawaida ni wengine, Lactobacillus bulgaricus na Streptococcus thermophilus. Huyo bulgaricus aligunduliwa na Mbulgaria Stamen Grigorov mwaka 1905. Kila bakteria ana kazi yake, huwezi kuchukua sifa ya mmoja ukambandika mwingine. Makampuni yanapenda sana mchezo huo.

Shemeji wa Bwiru (#34)
Mimi nimekuja na vidonda vya tumbo. Nilishauriwa ninywe mtindi kila asubuhi kabla ya kula. Unatuliza kabisa, baada ya saa mbili moto unarudi pale pale.

Nesi wa Zamu (#35)
Maziwa yanafunika kwa muda, kisha tumbo linajibu kwa kumwaga tindikali zaidi. Chanzo kikubwa cha vidonda ni bakteria wa H. pylori, Marshall na Warren walipata Nobeli mwaka 2005 kwa kazi hiyo. Pima, utibiwe kwa dozi kamili. Mtindi uwe msaidizi tu.

Na nikiwa hapo hapo: mkiandikiwa antibayotiki za sipro au doksi, msimezee mtindi wala yogati. Kalsiamu inaikamata dawa tumboni, haiingii vizuri kwenye damu. Acheni walau saa mbili katikati. Taifodi isiyopona wakati mwingine chanzo ni hicho.

Shemeji wa Bwiru (#36)
Sipro ndiyo nilimezea mtindi mwaka jana ili isinichome. Hakuna aliyeniambia. Asante dada.

Dada wa Sengerema (#37)
Kwa wanaotafuta ladha bila kununua sukari: mtindi mtupu, ndizi mbivu iliyopondwa au pasheni, koroga. Embe likiwa msimu, ndiyo kabisa. Mimi mwanangu wa miezi tisa namuwekea na asali kidogo.

Binti Nyegezi (#38)
Dada, ASALI TOA. Chini ya mwaka mmoja mtoto hapewi asali kabisa, inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa sumu ya botulinum ambazo utumbo wake hauwezi kuzizuia. Mtindi mtupu wa maziwa yaliyochemshwa vizuri mpe kidogo kidogo, hauna shida baada ya miezi sita, ila usichukue nafasi ya ziwa lako. Maziwa ya ng'ombe ya kunywa kama kinywaji kikuu yasubiri mwaka, yana madini chuma kidogo mno. Na kwa wakubwa: asali nayo Shirika la Afya linaihesabu kama sukari. Ndizi nzima haimo kwenye hesabu hiyo.

Dada wa Sengerema (#39)
Nimeitoa sasa hivi. Mungu akubariki.

Kipimo Sahihi (#40)
Mimi bado nasema suala la pesa halijaguswa. Kikombe cha ladha buku na zaidi. Lita ya maziwa kwa mfugaji unaipata kwa pesa ya vikombe viwili, na unapata vikombe vinne vya mtindi. Tatizo ni nani ana muda.

Mama Muuza Mgando, Mkolani (#41)
Muda tunao sisi, njooni mnunue. Ila na mimi nina swali, wataalamu nisaidieni. Nachemsha mpaka yanapanda, napoza, natia mbegu, nafunika kwenye hotpoti na blanketi. Wiki hii maziwa ya mfugaji mmoja hayagandi kabisa. Asubuhi nakuta maji maji, matamu bado. Mbegu ileile kwa maziwa ya mfugaji mwingine inaganda kama kawaida. Ni maji ameongeza?

Fundi Friji (#42)
Joto. Umetia mbegu yakiwa ya moto sana, umeua bakteria.

Mama Muuza Mgando, Mkolani (#43)
Fundi, ya wote wawili nayapoza pamoja kwenye beseni moja la maji.

Bwana Mifugo Mstaafu (#44)
Maji yangefanya mtindi mwepesi, lakini ungechacha. Maziwa kubaki matamu asubuhi ni dalili nyingine. Ng'ombe huyo huenda anatibiwa, ama ugonjwa wa kiwele ama ndigana ya kupe, amechomwa antibayotiki, na dawa imetoka kwenye maziwa. Inaua mbegu yako. Kuchemsha hakuiondoi dawa hiyo yote. Mfugaji anatakiwa amwage maziwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe, lakini nani anamwaga pesa? Wateja wako wanaolalamikia maziwa yasiyoganda wanasaidiwa na hao bakteria, maana kwenye chai ungeyanywa bila kujua.

Muulize pia analisha nini. Pumba na mashudu yaliyoota ukungu yana sumukuvu, ng'ombe akila inapita kwenye maziwa, moto hauitoi na kugandisha hakuitoi kwa uhakika. Hilo ni la yogati ya kiwandani na mtindi wa kibuyu sawasawa.

Ngosha wa Kisesa (#45)
Bwana Mifugo, mashudu ya pamba yaliyolowa mvua kidogo, yakianikwa yakakauka, yanafaa?

Bwana Mifugo Mstaafu (#46)
Kama yameshaota ukungu, kuyaanika hakuitoi sumu. Yatupe mbali na kuku pia.

Mama Muuza Mgando, Mkolani (#47)
Nimempigia mfugaji. Anasema ng'ombe wake mzima, ila kuna ndoo mpya anaioshea dawa ya madoa yenye klorini. Sasa ni ndoo au ni sindano?

Bwana Mifugo Mstaafu (#48)
Klorini iliyobaki kwenye ndoo nayo inaweza kuua mbegu. Kesho mpelekee chombo chako mwenyewe, kimesuuzwa kwa maji ya moto tu. Akukamulie humo ukiwa umesimama pale. Yakigoma tena, muombe akuonyeshe chupa ya dawa.